Mlango wa Chuma wa Handaki

Watu humwita Mama Uyoga mpaka leo, ingawa ni miaka mingi hajagusa uyoga, na vidole vyake sasa vimechubuka kwa kufua nguo za watu. Jina hilo alilipata ndani ya mahandaki ya jeshi, yaliyochimbwa chini ya kilima wakati wa vita. Wanajeshi walipoondoka, mumewe aliomba kuyatumia, akapewa. Wakaingia watatu, mume, mkewe na dada wa mume, na mifuko ya majani makavu, wakaanza kuotesha uyoga gizani.

Siku hizi handaki ni la watalii. Kuna tiketi, kuna taa, kuna kofia ngumu za kuvaa kichwani. Binti wa Mama Uyoga ndiye aliyewaleta, mama yake na shangazi yake, akidhani anawafurahisha wakubwa wake. Mwenyewe alibaki nje kwenye benchi, maana mahali palipofungwa humkaba roho.

Lakini Mama Uyoga hakuja kutalii. Alikuja kwa neno moja tu. Zamani zile, asubuhi moja, mlango mkubwa wa chuma ulikutwa wazi. Upepo mkavu ulikuwa umepuliza usiku kucha, na uyoga wote umenyauka, umekuwa kama ngozi ya kiatu kilichosahaulika juani. Wifi yake akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba yeye hana ubavu wa kuufungua mlango ule peke yake. Basi abaki nani? Mume alimfukuza mkewe, akabaki na mtoto. Na mtoto akakua akiambiwa kwamba mama yake ni mzembe, ndiye aliyeifilisi nyumba. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu, mpaka mume akafa haijafika mwisho. Aliyebaki wa kuisema kweli ni wifi, na Mama Uyoga alitaka aiseme leo, binti naye aisikie.

Akaingia amenuna. Ila handaki nalo lina fitina zake. Hatua chache tu, ule ubaridi ukamshika shingoni, ukaja na harufu ya udongo mbichi na mawe yenye jasho, na kabla hajajizuia alikuwa amerudi kwenye ujana wake. Akawaona wawili wao, yeye na wifi, wamefunga kanga viunoni, wanapishana na mabeseni, wanaimba nyimbo za ovyo ili mwangwi uzirudie. Hakuna mahali duniani alipocheka kama mle ndani.

"Wifi, unapakumbuka hapa?" wifi alimnong'oneza.

"Nitapasahau vipi? Ndipo ulipoanguka na beseni, ukamsingizia panya."

"Si alikuwepo!"

"Panya wa kukuangusha wewe na mwili ule? Labda alikuwa na cheo."

Wifi akacheka mpaka akajishikilia ukutani. Mama Uyoga naye alicheka, kisha akajichukia kwa kucheka.

Mbele yao mwongoza watalii alikuwa akieleza. Hapa walilala askari, hapa walitunza risasi, hapa mkubwa wao alikunywa chai. Alipofika kwenye chumba kirefu chenye alama za vichanja vya uyoga ukutani, alisema tu, "Baada ya hapo pakakaa tupu."

"Tupu!" Mama Uyoga alisema kwa sauti. Watu wakageuka. Wifi akamfinya mkono, kama zamani walipokuwa wakitaniwa sokoni.

Wakafika kwenye mlango. Umepakwa rangi mpya, lakini ni uleule.

"Huu ulihitaji wanajeshi wawili," alisema mwongozaji. "Nani ana kifua ajaribu?"

Wakajitokeza wanaume wawili walioshiba. Wakasukuma, wakakoroma, mishipa ikawatoka. Mlango kimya.

"Jamani, mnausukuma kama mna ugomvi nao," wifi akasema. Akamkabidhi Mama Uyoga mkoba wake, akaupiga mlango teke la chini pembeni, akainua kitasa kwa mkono mmoja, akaegemeza nyonga. Mlango ukafunguka taratibu, bila kelele. Watalii wakapiga makofi.

"Mama ana nguvu huyu!"

"Si nguvu, ni nyonga," wifi akajibu, meno yote nje.

Ndipo akageuka, macho yake yakakutana na ya Mama Uyoga, aliyekuwa bado amemshikia mkoba. Lile tabasamu likamdondoka.

Kundi likapita. Wakabaki wawili.

"Peke yako," alisema Mama Uyoga.

"Wifi..."

"Kwa nyonga moja."

Wifi akashika ukuta. "Kulikuwa na joto. Nilifungua nipate hewa kidogo, nikaondoka nikasahau. Kulipokucha nikaogopa. Kaka angeniua."

"Akaniua mimi."

"Najua." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Na siku ulipoondoka nilikosa hata mtu wa kucheka naye. Nisamehe, wifi yangu. Yaishe hapa hapa, tumeshakuwa watu wazima."

Mama Uyoga akaubana mkoba kwapani. Alimpenda mwanamke huyu kuliko alivyowahi kumpenda yule mume, na hilo ndilo lililokuwa limemchoma miaka yote.

"Hayawezi kuisha hapa," akasema. "Yupo mtu nje kwenye benchi."

Wakatoka. Jua likawapiga usoni. Binti akasogea wapate kukaa.

"Haya, nipeni habari. Shangazi, mbona unalia? Huko ndani pana nini?"

Wifi akamtazama Mama Uyoga, kwa yale macho aliyozoea kumtupia zamani kila alipotaka aokolewe. Mama Uyoga akavua kofia ngumu, akaketi mwisho wa benchi, akaupakata ule mkoba. Hakumsaidia hata neno moja.

"Mwanangu," wifi akaanza. "Ule mlango niliufungua mimi."

"Mlango gani, shangazi?"

"Ule tuliokuambia aliufungua mama yako."