Mchezeshe, Usimchekeshe

Kifaduro kilipoingia kwetu Mabira nilikuwa na miaka kumi na minne hivi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na sita, na kitindamimba wetu ndiyo kwanza alikuwa ameota meno ya kutosha kutafuna ndizi. Baba alikuwa Uganda, akilima pamba ya watu. Ugonjwa ulimshika yule mdogo kabisa, na majirani wakawakataza watoto wao kukanyaga uani kwetu. Tukabaki ndani watoto watatu na Mama.

Sheria ya Mama ilikuwa moja: mtoto asilie, na asicheke. Akilia anakohoa, akicheka anakohoa zaidi, mpaka midomo inakuwa myeusi na pumzi inagoma kurudi. "Mchezeshe," aliniambia, "lakini usimchekeshe." Haya, nionyesheni mtu anayeiweza kazi hiyo! Mimi nilikuwa msichana mkubwa, michezo ya watoto ilishanitoka, na hao wawili hawakupenda kitu kimoja hata siku moja. Huyu anataka kukimbiza mpira wa majani ya mgomba, yule hata kusimama hawezi.

Nikatengeneza ng'ombe. Nilichuma vile vitunda vya njano vya porini, nikavichomeka miiba miwili miwili iwe pembe, nikapanga kundi zima juu ya nyasi tulizotandika sakafuni. Mgonjwa aliwalaza ng'ombe wake, akawaamsha, akawalaza tena. Mwenzake alichoka mapema. Yeye alikuwa na kipaji cha kuigiza watu, balaa tupu, na wiki tatu nzima nilikuwa namfinya kila akitaka kuanza.

Siku hiyo Mama aliondoka alfajiri, kwa miguu, kwenda misheni kutafuta dawa. Kufika mchana mgonjwa alikuwa na nafuu. Alikunywa uji wote, hakukohoa. Mimi nilikuwa nimechoka, nimechoka kweli, nimechukia mpaka harufu ya lile blanketi lake. Na huyu mwingine ananing'ang'ania: dada tufanye nini, dada tufanye nini. Nikasema, "Haya, muigize baba mdogo anavyokanyaga ndizi za pombe. Mara moja tu."

Hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alijifunga kitambaa kiunoni, akazikanyaga zile nyasi huku anahema na kujisifu, halafu akateleza, puu, akakalia makalio, uso kama wa mtu mzima aliyeaibika. Mimi ndiye niliyecheka kwanza. Mgonjwa akanitazama, akamtazama kaka yake, akacheka. Mungu wangu, kicheko kile! Nilikuwa nimeshakisahau. Kisha kikohozi kikaanza, na hakikukoma. Nilimbeba, nikampepea, nikampigapiga mgongoni, nikamwita jina. Alinifia mikononi.

Mama alirudi jua limeshaanza kushuka, chupa ya dawa ameifunga kwa jani la mgomba. Hakulia mara moja. Aliuliza, "Nani amemchekesha?"

Nikamnyooshea kidole mdogo wangu.

Naye hakukana, angekana nini? Mama hakumpiga. Alimtazama tu, muda mrefu, na tangu siku hiyo mtoto yule hakuigiza mtu tena. Ng'ombe wangu walinyauka palepale sakafuni, hakuna aliyewagusa, mpaka nyasi zilipobadilishwa.

Sasa mdogo wangu huyo ni mzee mwenye wajukuu. Wakicheka sana anawaambia, taratibu, jamani, taratibu, nao wanamwona babu mkali. Majuzi alikuja kwangu, akaniamkia shikamoo, akashika kikombe mpaka kahawa ikapoa. Kisha akaniuliza, "Dada, siku ile nilipomchekesha, wewe ulikuwa wapi? Mimi nakumbuka zile nyasi tu."

Ningemwambia. Mama yuko kaburini miaka mingi, sina wa kumwogopa.

Nikasema nilikuwa uani, naanua kahawa.