Simu Haikuniuliza Habari ya Mkwe

Nilimcheka bwana mmoja wa Runazi pale dirishani kwa wakala wa tiketi, Biharamulo mjini. Alikuwa anakata tiketi za meli, Bukoba kwenda Mwanza: yake, ya mkewe na ya mama mkwe wake.

"Mkwe akae mbali nawe kiasi gani, baba?" mama wakala akamuuliza. Jamaa akanyoosha mkono kuelekea msikiti wa ng'ambo ya barabara.

"Wakala wa nini zama hizi?" nikamwambia, kwa sauti, watu wasikie. "Meli hiyo hiyo mimi nimekata kwa simu, nimelala zangu kitandani!"

Siku ya safari nikaona kazi ya simu. Ilitupa viti vitatu vya safu moja: mke wangu, mimi, na bega kwa bega nami mama mkwe, mtu wa Ntobeye. Kwetu Ngara ni mwiko kukaa karibu na mkwe hivyo, na hata tungebadilishana viti bado ningemnusa. Mama akajifunika kanga uso mzima. Nikaaga kwamba naenda kupunga upepo, nikasimama sitahani mpaka Mwanza.

Kupitia kioo nilimwona yule wa Runazi akila karanga, mkewe kamwegemea, mkwe wake hayupo; kumbe kakatiwa chumba cha juu. Akaniona, akaja mlangoni.

"Vipi, mwenzangu," akaniita, "simu haikukupa kiti?"

Juzi tumepanga safari nyingine. Nilipofika kwa mama wakala sikungoja kuulizwa. Nilinyoosha mkono, nikaupitiliza ule msikiti.