Madirisha Mawili ya Kushoto

Tangazo la kifo. Ukoo wa chombo cha anga kiitwacho Inkuba, kwa masikitiko makubwa, unawatangazia ndugu, jamaa na marafiki walioko Mutakura, Carama, Kibenga na kwenye sayari zote zinazofikiwa na redio, kwamba madirisha mawili ya upande wa kushoto yametutoka ghafla kati ya sehemu ya sita na sehemu ya saba ya msimu wa kwanza. Marehemu wameacha ndugu kumi na mmoja upande wao na kumi na watatu upande wa pili. Chanzo cha kifo kinachunguzwa na wanafunzi wa chuo kikuu, kwa kuwa hawana kazi nyingine. Fundi aliyewazaa yu hai, anakaa Mutakura, na mpaka tangazo hili linasomwa hakuna aliyemwuliza.

Fundi huyo ni Salvator, mfua bati wa miaka hamsini na minane. Hutengeneza imbabura, yale majiko ya makaa yanayochemsha maharage ya mji mzima, na kuanzia Mutakura hadi Carama ni vigumu kuingia jikoni usikute kazi ya mkono wake. Hakuna hata moja yenye jina lake. Nani anaandika jina la fundi kwenye jiko? Jiko ni la mama anayepikia. Salvator aliishi na jambo hilo miaka thelathini bila kulalamika, mpaka siku Talal alipomjia na picha ya chombo cha anga mkononi.

Talal ni mtoto wa maduka. Babu yake aliuza vitambaa mjini, baba yake akauza vitambaa na mabati, yeye akaona vyote vinachosha, akaamua kuuza nyota. Alikuwa anatengeneza tamthilia ya televisheni kuhusu Warundi arobaini wanaohamia Zohali, ile sayari yenye pete. Waigizaji alikuwa nao. Mavazi ya kung'aa alikuwa nayo pia, yaliyoshonwa kwa vile vitambaa vya kufunikia magari. Ila chombo hakuwa nacho, na wahamiaji arobaini hawawezi kwenda Zohali kwa miguu. Akauliza kama bati linaweza kugeuka chombo cha anga. Salvator akamjibu kwamba bati hugeuka chochote isipokuwa mkate.

Bei hawakubishana. Alichodai Salvator, tena mara mbili, ni jina. Aliwahi kuona mwisho wa filamu kule kwenye baa ya Hyacinthe, majina yakipanda kwenye skrini kama sisimizi ukutani: ya dereva, ya mpishi, ya mtu aliyeshika mwavuli. Watu wa filamu huita jenerike. Alitaka jina lake lipande na lenyewe, mara moja tu, watu wakiangalia. Talal akaapa wallahi litapanda.

Kazi ilichukua wiki tano. Inkuba, maana yake radi, ilikuwa na urefu wa mita moja na nusu, imefuliwa kutokana na madebe ya mafuta ya kupikia, ikapakwa rangi ya risasi. Kila upande alitoboa madirisha kumi na matatu kwa tindo, akipima nafasi kati yake kwa kijiti kimoja asichomruhusu mtu kukigusa, na ndani akatandaza taa ndogo za Krismasi. Ilining'inizwa kwa mshipi wa kuvulia samaki katika garaji ya nyumba ya mjomba wake Talal kule Kibenga, mbele ya kitambaa cheusi kilichokosa mnunuzi tangu enzi za babu. Ukizima taa ya garaji, mtu mzima uliweza kuamini. Salvator mwenyewe aliamini, na yeye ndiye aliyejua lile tanki la nyuma limeandikwa "mafuta safi" kwa ndani.

Wakapiga picha sehemu sita, kisha wakapumzika. Rayan, mpwa wake Talal aliyerudi kutoka ng'ambo na diploma ya kompyuta na dharau ya kutosha watu kumi, akaona chombo kikining'inia muda mrefu mshipi utalegea. Akakiteremsha, akakilaza sakafuni kwa ubavu wa kushoto. Hiyo ilikuwa miaka ambayo ziwa lilikumbuka viwanja vyake vya zamani na kuja kuvidai. Kibenga, mtaa wa kando ya ziwa, maji yaliingia sebuleni, yakaingia jikoni, yakaingia garaji bila kuuliza njia. Yalikaa wiki tatu. Yalipotoka, Inkuba ilikuwa imeliwa na kutu ubavu wa kushoto, upande wa nyuma. Ukiugusa kwa kidole, kidole kinapita.

Salvator aliitwa siku mbili kabla ya kamera kurudi. Akafanya alichofanya maisha yake yote. Imbabura ikioza chini haitupwi. Unakata pete iliyooza, unashona bati jipya, mama anarudi nyumbani na jiko fupi kidogo ambalo litaishi miaka mingine mitatu. Mutakura majiko huzeeka kama watu, kwa kufupika. Naye akaikata Inkuba palipooza, akaweka kiraka, akapiga rangi. Kiraka kilikaa pale yalipokuwa madirisha mawili ya mwisho. Akamweleza Talal kwamba anahitaji siku moja zaidi, atoboe mawili mapya kwa kipimo kile kile, pande zilingane.

"Apana, mzee Salva," Talal akasema. "Nani atakaa ahesabu? Watu wataangalia nyota."

Basi chombo kiliondoka duniani na madirisha ishirini na sita, na kikafika karibu na mwezi kikiwa na ishirini na manne. Abiria wa kiti cha nyuma hakuna aliyewasikia tena.

Msimu wa kwanza ulioneshwa Jumapili saa kumi alasiri. Salvator alivaa shati la kanisani akaenda na mkewe Dative kwenye baa ya Hyacinthe, na kwa sababu alikuwa ametangaza mwenyewe wiki nzima, watu walijaa hadi mlangoni. Sehemu ikaisha. Majina yakapanda. Likapita la Talal mara nne, kwa kazi nne. Likapita la Rayan, la mlinzi wa garaji, la mbuzi aliyeliwa na viumbe wa Zohali. Skrini ikawa nyeusi. Lake halikupanda. Ndipo Hyacinthe, huku akifuta chupa, akamwambia, "Mzee, zunguka kwa nyuma ya televisheni uangalie. Labda wamekuandika huko."

Talal aliomba radhi kwa simu. Nafasi ilikuwa imeisha, msimu wa pili inshallah. Salvator akangoja.

Msimu wa pili haukumhitaji. Rayan alikuwa amechora Inkuba mpya kwenye kompyuta, akiangalia picha ya ubavu wa kulia tu, ule usio na kiraka, na kwa kuwa madirisha kwake yalikuwa ni kubofya, akaongeza mawili kila upande yapendeze. Ila kompyuta ilikuwa nzito, haikumaliza kazi kwa wakati, kwa hiyo palipopungua wakachomeka vipande vya zamani vya chombo cha bati. Matokeo yake, katika sehemu moja ya dakika arobaini, Inkuba iliondoka na madirisha kumi na matano ubavuni, ikakata kona na kumi na moja, ikatua na kumi na matatu. Moto wa mkiani ulitoka wa buluu ukarudi mwekundu. Kuna mahali kivuli cha mkono wa mtu kilipita juu ya Zohali, na nahodha akaripoti anga ni shwari.

Hapo wakaingia wanafunzi. Kiongozi wao alikuwa Armel, mwaka wa tatu wa hesabu, kijana aliyeisimamisha picha kila sekunde na kuhesabu. Alitoa orodha mtandaoni, yenye michoro na mishale. Mji ukacheka. Talal, aliyesema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hakuna atakayehesabu, akaandika chini ya orodha kwamba ni "kosa la fundi bati". Salvator alisomewa maneno hayo na jirani, akaomba arudiwe. Alikuwa anasikiliza jina. Halikuwemo. Hata lawama hawakumpa kwa jina lake.

Kisha upepo ukageuka, kama unavyogeuka kwa watu wasiofanya kazi ya mikono. Armel, alipochoka kucheka, alianza kuona maana. Aliandika kwamba madirisha ni roho za wahamiaji. Wakitenda dhambi yanafumba, wakitubu yanafunguka. Kumi na moja ni mitume bila msaliti. Watu wakaacha kumcheka Talal wakaanza kumstahi. Wafadhili wawili kutoka Ulaya wakasoma, wakalia kidogo, wakasema hii ndiyo Afrika waliyokuwa wakiitafuta, na wakataka kumwona fundi kabla ya kukubali msimu wa tatu.

Gari la Talal likasimama Mutakura mchana kweupe. Alikuja na mkate wa sukari na maneno mazuri. Kutakuwa na mkutano hotelini, Jumamosi asubuhi. Mzee ataulizwa kuhusu madirisha, atajibu kwamba alioneshwa usingizini. Basi. Msimu wa tatu jina lake litakaa kwenye skrini peke yake, herufi kubwa, sekunde tano. Safari hii alileta karatasi, na sahihi yake ilikuwa tayari chini.

Salvator alimfanyia Dative mazoezi ya ndoto hiyo, na Dative alicheka hadi akaegemea ukuta. Halafu akaacha kucheka.

"Sema tu, Baba Elvire," akamwambia. "Uongo wa dirisha hauui mutu. Mi nimechoka kupita kwa Hyacinthe nikiangalia chini."

Akakubali. Lazima lijulikane hilo: alikwenda hotelini akiwa amekubali. Alivaa lile shati, akakaa mezani kati ya Talal na Rayan, na mbele yao Inkuba imewekwa juu ya kitambaa cheupe kama maiti ya mtu mkubwa. Kiraka chake kilikuwa kimechorwa jicho la dhahabu. Mkalimani alikaa nyuma ya wafadhili akinong'ona Kifaransa. Salvator alikuwa akirudia ndoto yake kimoyomoyo Talal aliposimama kumtambulisha.

Alisema mengi, na mengi yalipita. Lililobaki ni moja. "Mzee huyu hajui kuhesabu," Talal aliuambia ukumbi, akimshika bega kwa upendo. "Wallahi, hajui. Hakuhesabu madirisha haya. Mkono wake uliongozwa."

Ukumbi ukapiga makofi. Mfadhili mmoja akafumba macho.

Mfua bati asiyejua kuhesabu hufa njaa wiki ya kwanza. Huyu ndiye mtu anayezungushia uzi kwenye sufuria ya mteja, anaukunja mara mbili, anakata bati mara moja, na jiko linakaa. Alihesabu ishirini na sita akiwa amepiga magoti, akahesabu tena mgongo ulipokataa. Karatasi ilikuwa mfukoni mwake. Akaelewa kwamba jina litakalopanda litakuwa la mtu mwingine, mjinga mmoja mtakatifu anayeitwa Salvator, na kwamba Mutakura watamjua huyo.

Asingoje mtu muujiza: msimu wa tatu ulitoka, kwa pesa za watu wengine, ukawa mbaya vile vile, na jina halikupanda. Dative hakuongea naye siku nne. Talal hadi leo akipita Mutakura anapandisha kioo.

Pale hotelini, makofi yalipoisha, Armel, aliyekuwa amealikwa naye, alisimama na daftari lake. Akasema amesafiri na chombo hiki misimu miwili, na ana swali moja tu la maisha yake.

"Mzee Salvator, ni nani alikuambia upande wa kushoto yabaki kumi na moja?"

"Kutu."

Mkalimani akanong'ona. Wafadhili wakaandika. Armel naye akaandika, akalipigia neno mstari, akainua uso.

"Na kutu ni ishara ya nini, mzee?"

"Ya maji."