Mtaalamu na Kichupa cha Kwanza

Mume wa mdogo wangu ninafanya naye kazi maabara moja, jambo ambalo simtakii hata adui. Kiwandani wanamwita Mtaalamu. Jina hilo alijipa mwenyewe, nasi tukamwachia, kwa sababu kubishana naye kunachosha kuliko kumvumilia.

Kazi yetu ni kupima dawa ya maji ya kikohozi kabla haijatoka kiwandani. Sampuli tunazitia kwenye vichupa vidogo, vichupa tunavipanga kwenye trei, kisha mashine ya kromatografia inavivuta kimoja baada ya kingine na kutenganisha kilichomo. Kompyuta inachora mstari, na penye dawa mstari unainuka kama kichuguu. Ukubwa wa kichuguu ndio unaokuambia dawa ni kiasi gani. Mara nyingine programu hukikata vibaya, ndiyo maana mtu anatakiwa afungue kila mchoro, autazame, aurekebishe ikibidi, halafu ndipo aprinti ripoti na kutia sahihi. Inaumiza macho, lakini ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya.

Mtaalamu macho yake hakutaka yaumie. Alikuwa ana hamu ya kitu kimoja tu: kiti cha mkuu wa maabara. Mkuu wetu, mama mmoja mpole, alikuwa anakaribia kustaafu, na Mtaalamu kwa mawazo alishakikalia kile kiti na kukizungusha. Nyumbani kwao hapakuwa na mazungumzo mengine. Mdogo wangu, maskini, alishamnunulia tai.

Basi akajifungia na kompyuta, akatoka na uvumbuzi. Ripoti sasa zingejiprinti zenyewe, kila kichupa kikimaliza kupimwa. Uvumbuzi gani? Programu ilikuwa na uwezo huo tangu ilipoletwa. Yeye aliweka tiki kwenye kisanduku. La kwake mwenyewe lilikuwa ule mpangilio wa ripoti: nembo ya kiwanda juu, jina lake kwa herufi nene katikati, na chini maneno “Imekaguliwa na kuidhinishwa”, ambayo yalijichapa kabla hata mtu hajakagua kitu. Akawa anakaa kando ya printa kama mwenye kuku anayesubiri yai. Karatasi ikitoka, anasaini. Ikitoka nyingine, anasaini.

Kupanga trei akaniachia mimi. “Shemeji, wewe una mkono mwepesi,” aliniambia, akaenda zake kupiga soga koridoni. Na trei ina utaratibu wake. Kichupa cha kwanza hakitiwi dawa hata tone. Tunatia maji tu, tuone kama mashine ni safi. Mchoro wake ukitoka bapa na dawa ikasoma sifuri, ndiyo furaha yetu, tunaendelea na sampuli zenyewe. Hilo mtu hufundishwa siku anayoingia maabara, kabla hajaonyeshwa hata choo kilipo.

Nilimwonya, Mungu ni shahidi yangu.

“Shemeji, hii programu yako inaprinti kila kichupa. Hujaichagulia vya kuacha.”

“Ndiyo uzuri wake. Hakuna kinachosahaulika.”

“Na ripoti unazisoma?”

“Kompyuta imeshazisoma, shemeji. Mnapenda sana kujitesa.”

Nikamwacha. Siku ile nilimdharau kwa moyo mweupe kabisa, bila kinyongo.

Mkurugenzi akaja kuona maajabu. Mtaalamu alikuwa amevaa ile tai, na koti jeupe alilopigiwa pasi na mdogo wangu mpaka mikono ikasimama. Akaeleza, akapunga mikono, akasema mkuu ajaye lazima awe mtu wa kisasa. Mama yule mpole alikuwa amesimama pale pale akimsikiliza. Kisha Mtaalamu akamkabidhi mkurugenzi ripoti za asubuhi ile, zimesainiwa zote, zimepangwa vizuri, ya kwanza juu.

Mkurugenzi akavaa miwani.

“Hapa dawa inasoma sifuri,” akasema. “Na chini umesaini kuwa imeidhinishwa. Ni sawa hii?”

Mtaalamu alitakiwa aseme maneno machache tu: hicho ni kichupa cha maji. Mkuu alimtazama. Nami nikamtazama, na nakiri nilikuwa nafaidi. Mtaalamu aliikodolea macho ile karatasi kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, na kweli ilikuwa mara ya kwanza.

“Ni sahihi, mkurugenzi. Programu haikosei.”

“Kwa hiyo dawa yetu haina dawa?”

Angefunua karatasi moja tu angeiona dawa imejaa tele, vichuguu vimesimama, kila kitu salama. Hakufunua.

“Basi tuuzuie mzigo,” akasema. “Umwagwe wote.”

Mzigo mzima, dawa nzima, kazi ya watu wa zamu zote, umwagwe ili yeye asiseme kwamba hakusoma. Mkuu akamsogelea, akamuuliza kwa upole kama anavyoulizwa mtoto, “Mwanangu, kichupa cha kwanza huwa tunaweka nini?”

Mtaalamu akageuka, akaninyooshea kidole. “Shemeji ndiye anayepanga trei.”

Mkuu akamweleza mkurugenzi habari ya maji. Mkurugenzi akavua miwani, akarudisha ripoti mezani na kusema asanteni. Kiti kile alikuja kukikalia mtu kutoka kiwanda kingine.

Jumapili niliitwa kwa mdogo wangu kula. Mtaalamu alikuwa anakula na kuhutubia kwa pamoja.

“Nimekikataa,” akasema. “Nimewaambia mimi ni mtu wa sayansi, mambo ya vikao siyawezi. Si shemeji alikuwepo? Muulizeni.”

Mdogo wangu akanigeukia. Amemfulia mtu huyu makoti meupe miaka yote ya ndoa yao, na kila nilipomsema vibaya alinikatiza.

“Dada?”

“Nilikuwepo,” nikasema.

Akasubiri niongeze neno. Nikajimiminia maji. Mtaalamu alikuwa ameshaingia kwenye habari nyingine, kijiko kiko hewani, wakati mdogo wangu alipoinuka, akaiondoa sahani mbele ya mumewe ikiwa bado na chakula, akaipeleka jikoni.