Mtaimbo wa Mama

Sisi tuliokulia Lingeka tunaujua udongo mweusi wa mbugani. Masika unakuvua viatu. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Humo ndimo tulimosimika nguzo za zizi, na chombo chake kilikuwa mtaimbo, chuma kirefu chenye ncha bapa. Mama alimwaga maji jioni, asubuhi akauchoma udongo kwa mtaimbo taratibu, akizoa tope kwa kopo la mafuta ya kula. Shimo lilitoka jembamba, nguzo ikakaa kama jino kwenye ufizi.

Mimi nilikuwa mtoto wa haraka. Hata shule niliiacha darasa la tano. Siku moja mama yuko mnadani, nikaazima sururu ya jirani. Mabonge yaliruka! Kabla ya saa sita mashimo yote yalikuwa tayari, mapana kama karai. Mama aliporudi akacheka.

"Ng'wana wane, mwanangu, unasimika nguzo au unazika ng'ombe? Fukia, uanze upya kwa mtaimbo."

Nikaitikia. Alipoingia jikoni nikasimika nguzo humo humo, nikashindilia mabonge juu juu, nikakimbilia mpira wa makaratasi.

Asubuhi nguzo mbili zilikuwa zimelala. Ndama wa ng'ombe wetu pekee wa maziwa hayupo. Palibaki damu na nyayo za fisi. Mama hakunipiga; alichukua mtaimbo ukutani, akaanza kufukua mabonge yangu.

Tangu hapo nimetangatanga, nikivua dagaa ziwani Kalemela, nikienda machimbo huko mbali, na kila nifikapo nauliza wenyeji wanachimbia nini. Juzi nikarudi nyumbani. Mpwa wangu alikuwa amekodi mjini Bariadi mashine ya kutoboa mashimo ya nguzo za zizi. Ikanguruma, ikazama kiasi cha mkono, udongo ukaing'ang'ania, ikazima. Vijana wa siku hizi! Akatoa simu, aiulize simu.

"Lete mtaimbo wa bibi yako," nikamwambia.

"Kale kachuma karefu? Mjomba, nilimpa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kalikuwa kanajaza nafasi tu."

Nilikaa chini kama niliyepigwa. Ndama wake watatu walikuwa nje, na jua linashuka. Yeye akatoka mbio kwa jirani, akarudi anatabasamu, sururu begani.

Enzi zetu mtaimbo ulikuwepo ukutani, akili sikuwa nayo. Leo akili ninayo, ukuta mtupu. Nikainuka, nikaanza kupita kaya kwa kaya nikiulizia mtaimbo, kama mtu aliyepotelewa na mtoto.