Nyasi Fupi za Mlimani

Mama yangu, Nyamizi, alikuwa mbishi, wala simwombei radhi. Bila ubishi wake nisingekuwepo leo kuwapigia domo.

Miaka ile ya thelathini baba alikuwa Geita, akichimba dhahabu ya wenyewe. Mimi, Ngassa, nilikuwa na miezi minne. Homa ilimshika mama, ikamwacha mzima lakini maziwa yamekauka kifuani, nikawa naishi kwa maziwa ya ng'ombe wetu mmoja. Na kiangazi cha Kishapu mwaka ule kilikuwa kikali haswa.

Ukoo ulikuwa na ngitili mbili, malisho yanayofungwa tangu masika ili yaokoe ndama na ng'ombe wa kukamuliwa kiangazi. Ya bondeni ilikuwa na nyasi ndefu kupita mtu. Ya mlimani, nyasi fupi, laini, zenye majani mengi. Baba mkubwa Jilala, kaka yake baba, aliamua ya mlimani ichomwe mwezi uleule, ingoje mvua ilimwe pamba. Aliona jambo liko wazi: ukifyeka bondeni unabeba mizigo mitatu, mlimani mmoja.

Mama akasema hiyo ni mizigo mitatu ya mabua, ng'ombe anatafuna nusu na nusu anaikanyaga. Jilala akacheka, akamwambia ashughulike na vyungu vyake.

Hapo alimgusa pabaya. Mama akataka wapime. Ng'ombe wa Jilala ale za bondeni, wetu ale za mlimani, zizini, siku saba. Mama afyeke, Jilala akamue, na maziwa yapimwe kwa kibuyu kimoja. Siku ya saba ng'ombe wetu alikijaza hadi shingoni. Wa Jilala hakufikisha nusu.

"Ng'ombe wako ana maziwa tu," Jilala alisema. "Nyasi hazihusiki."

Jibu mama alikuwa nalo, na lilimtia hofu. Ilibidi wabadilishane: ng'ombe wetu ale mabua, na mimi ninywe hichohicho kitakachotoka. Alinipakata kitambo kirefu, kisha akachukua mundu. Aliniambia baadaye kwamba alilia njia nzima hadi bondeni.

Siku ya tatu maziwa yetu yalipungua, ya Jilala yakapanda. Siku ya tano nililia mpaka sauti ikanikauka. Majirani walimsema mama kwamba ana roho ngumu. Lakini mlima ukishachomwa, njaa ile ingekuwa yangu kiangazi kizima, na yeye aliliona hilo kuliko wao.

Asubuhi ya sita Jilala alikuja na maziwa ya ng'ombe wake, kibuyu kimejaa. Hakuketi. Alikiweka miguuni pa mama.

"Mama Ngassa, mpe mtoto. Asilipie ubishi wangu."

Mama akamjibu kwamba bado siku moja.

"Hakuna cha siku moja, shemeji. Nimeona tangu juzi. Nilikuwa naona haya tu."

Mama alininywesha palepale, huku machozi yanamtoka mbele ya shemeji yake bila kujificha. Mlima haukuchomwa, pamba ikapelekwa bondeni.

Ng'ombe wetu alirudi kwenye nyasi fupi, na baada ya siku chache maziwa yakawa tele. Hata hivyo Jilala aliendelea kuja kila asubuhi na maziwa yake, mpaka nikaanza kutembea, na mama hakumwambia hata siku moja kwamba tunayo ya kutosha.