Siku Yudelka Alipoombea Umeme Usirudi

Mtaani kwao Santiago, Yudelka Peralta alijulikana kwa mdomo mkali, lakini akipokea simu za wageni wa hoteli sauti yake ilikuwa asali tupu. Kabla ya kazi hiyo ya simu alikaanga yaniqueque, yale maandazi bapa, kando ya stendi ya mabasi miaka mingi, na makovu ya mafuta anayo mikononi hadi leo. Sasa alifanyia kazi chumbani kwake, kwenye kompyuta kuukuu ya mezani. Asubuhi akiingia kwenye mfumo, jina lake linawaka kijani kwenye skrini ya bosi kule mji mkuu, na muda unaanza kuhesabiwa mpaka atoke.

Shida ilikuwa umeme. Ukikatika, kila mtu hukimbilia kuchomoa vitu ukutani, maana hurudi kwa kishindo ukaunguza friji. Yudelka naye huchomoa, akatoka uani kupiga soga na jirani yake, Doña Melania. Kutoka kwenye mfumo angetokaje na kompyuta imezimika?

Jumatano moja bosi wake, Miosotis, akampigia kwa video. Hakuwa mtu mbaya, ila ukikaa sana kwenye jengo lenye jenereta unasahau wenzako wanaishije.

"Yudelka mpenzi, juzi ulikuwa ndani ya mfumo kutwa nzima, na simu hupokei. Ulikuwa umelala?"

"Umeme ulikatika, bosi."

"Ungekatika, jina lingezimika. Lakini liliwaka mpaka jioni! Wakubwa wanasema huo ni wizi wa muda, wanataka uondoke leo."

Akaliona karai la stendi linamsubiri.

"Nakuapia kwa Bikira..." Hajamaliza, feni ikasimama, skrini ikawa nyeusi.

Akachomoa kila kitu kwa mazoea, akakaa kitandani akilia. Simu ya mkononi ikaita.

"Yaani umenikatia, Yudelka?"

"Umeme huo, bosi! Sikia mwenyewe." Akaitoa simu dirishani. Nje Doña Melania alikuwa akiwatukana watu wa umeme, wao na bibi zao.

Miosotis akageukia skrini yake. "Kompyuta yako imezimika kabisa?"

"Nimechomoa mpaka friji."

"Mbona hapa bado unawaka kijani? Na muda unakwenda!"

"Basi huyo aliyemo si mimi. Muulize yeye simu hapokei kwa nini."

Miosotis akaangua kicheko. "Usiwashe kitu! Naenda kuwaita wakubwa waje waone. Omba umeme usirudi kwanza."

Yudelka akatoka uani, akaomba kwa sauti.

"Umerukwa na akili?" Doña Melania akamaka. "Nyama yangu yote itaharibika!"

"Nivumilie, mama yangu. Nikifukuzwa leo, narudi kwenye karai."

Bibi akamtazama, akashusha pumzi, akaketi karibu yake. Wakasubiri pamoja mpaka simu ikaita tena.

"Wameona kwa macho yao," Miosotis alisema. "Mfumo ndio mbovu, wataurekebisha. Kazi unayo. Nisamehe, dada."

Yudelka akamkumbatia Doña Melania, akalia na kucheka kwa pamoja, mabega yakamshuka kama aliyetua ndoo ya maji. Kisha akaenda kuwasha jiko la gesi, akainjika karai kwa hiari yake, akaikaanga nyama yote ya bibi kabla haijaharibika. Mafuta yalichemka na kumrukia, naye hakuyaogopa.